Dragstrip, roboti wa mbio asiyekubali kushindwa: tumemleta Lamu, haya ndio maoni yangu

Naanza na jibu kwa wale wasio na muda. Kama mtoto wako ana miaka minane kwenda juu na anapenda magari, nunua Dragstrip, tena nunua orijino usikubali kupewa feki. Kama unataka gari la rimoti linalokwenda lenyewe, huyu si wako, hana mota, hana betri, hana taa, hapigi kelele, anasukumwa kwa mkono na anageuzwa kwa mkono basi. Wenye muda tuendelee manake nina mengi ya kusema juu ya huyu jamaa wa manjano.

Dragstrip ni mmoja wa Transformers, wale roboti wanaogeuka gari alafu wakarudi kuwa mtu. Zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1984, kampuni ya Hasbro ilichukua matoi ya Kijapani ya Takara ikayapa majina mapya na tabia mpya, na hapo kwenye tabia ndipo penye utamu wote, manake kila roboti alikuja na maelezo yake mafupi ya kumtambulisha, ni nani, anapenda nini, udhaifu wake upi. Dragstrip alitoka 1986 ndani ya kundi la watano wanaoitwa Stunticons, wote magari, wote upande wa wabaya. Mkubwa wao ni Motormaster ambaye ni lori, wengine ni Dead End, Breakdown na Wildrider. Na huyu wetu tabia yake ni moja tu, hataki kushindwa. Maelezo yake ya zamani yanasema kwake ni heri avunjwe awe chuma chakavu kuliko kushindwa, na akishinda anajigamba mpaka anaudhi watu, na udhaifu wake ni kwamba anachemka upesi. Yaani mtu wa hasira ambaye hata injini yake ina hasira. Mi niliposoma hivo nikajua huyu ndiye wa kumpelekea mpwa wangu.

Tulienunua si yule wa 1986, huyo sasa ni wa wakusanyaji na bei yake sitaki hata kuizungumzia. Wetu ni wa toleo la 2022, mfululizo unaitwa Legacy, saizi ya Deluxe, akisimama ana kimo cha sentimita 14 hivi. Kwenye boksi wameandika miaka 8 kwenda juu na hilo nakubaliana nalo kabisa, mtoto wa miaka minne atakung'olea mkono siku ya kwanza na ana vipande vidogo vya silaha ambavyo mtoto mdogo atavitia mdomoni. Kwa hio nyumba yenye mtoto anaetambaa, mweke juu ya kabati.

Sasa hili gari lenyewe. Ukimtazama mara ya kwanza utadhani kiwanda kimekosea, manake ana magurudumu sita, manne madogo madogo mbele na mawili makubwa nyuma. Bibi yangu alipomuona aliuliza kwani hili gari au tandu. Lakini gari hili lilikuwako kweli jamani, si ubunifu wa watu wa matoi. Linaitwa Tyrrell P34, la Formula 1, lilikimbia misimu miwili, 1976 na 1977. Fundi aliyelichora anaitwa Derek Gardner, na hesabu yake ilikuwa hivi: tairi za mbele za gari la mbio ni kubwa, zinachomoza pembeni zinakinza upepo, basi akaweka tairi ndogo za rimu ya inchi 10 zikajificha nyuma ya pua ya gari, na kwa kuwa tairi ndogo inashika barabara kidogo akaziweka nne badala ya mbili. Wazo zuri sana. Na lilifanya kazi, manake Juni 1976 kule Anderstorp, Sweden, gari mbili za aina hii zilimaliza ya kwanza na ya pili, dereva Jody Scheckter mbele, mwenzake Patrick Depailler nyuma yake. Mpaka leo hakuna gari jingine la magurudumu sita lililowahi kushinda mbio za Formula 1.

Kilichoiua ni tairi. Goodyear walikuwa wakitengeneza zile tairi ndogo kwa timu moja tu, wakati tairi kubwa za timu nyingine zote zikizidi kuboreshwa kila wakati, basi zile tairi za mbele zikapitwa, na breki zile ndogo nazo zilikuwa zinapata moto sana. Mwisho wa 1977 wakaliweka kando, na baadae sheria ya mwaka 1983 ikasema gari ni magurudumu manne, imekwisha. Gari la kweli lilikuwa buluu, toi letu ni manjano, lakini umbo ni lile lile, ile pua pana mbele na vile vitairi vinne.

Nimeeleza yote haya kwa sababu ndio inayofanya nipende toi hili kuliko mengine. Mtoto akishika lori au Lamborghini anashika kitu alichokiona kwenye simu mara elfu. Akishika hili anauliza. Mpwa wangu aliuliza kwa nini mbele ni manne, nikamweleza habari ya upepo, na mtoto wa Lamu habari ya upepo huhitaji kumfundisha, anajua tanga likikaa vibaya chombo hakiendi. Alielewa hapo hapo. Akaniuliza, "Sasa mjomba, kama ilikuwa nzuri hivo mbona wameiacha?" Nikamwambia habari ya tairi. Akakasirika kwa niaba ya gari, haki ya Mungu, mtoto alinuna kwa jambo lililotokea kabla mamake hajazaliwa.

Tuje kwenye kugeuza. Kutoka gari kuwa mtu inachukua dakika chache ukishaizoea, mara ya kwanza itakuchukua muda zaidi na utafika mahali utasema hapa ntavunja. Huvunji. Kuna sehemu inataka nguvu kidogo na sehemu inataka upole na shida ni kujua ipi ni ipi. Karatasi ya maelekezo ni michoro mitupu na mishale, lugha haikusumbui, lakini michoro ni midogo, mwenye macho mabovu avae miwani. Ushauri wangu, fanya mara ya kwanza wewe mtu mzima, taratibu, mchana kwenye mwanga mzuri, alafu mwachie mtoto. Kwetu aliyemgeuza haraka kuliko wote si mpwa wangu wala si mimi, ni binti wa jirani ambaye hata hakuwa akimtaka, alikuja tu kumfuata kakake, akamchukua akamkunja huku anaongea na watu, akatoa gari limekaa sawa sawa kila pembe. Kwa hio wale mnaosema hivi ni vitu vya wavulana acheni.

Akiwa mtu anasimama vizuri, magoti yanakunjika, viwiko vinakunjika, kichwa kinageuka, na ana nembo ile ya zambarau ya Decepticons, ndio hao wa upande wa wabaya. Akiwa gari amekaa chini kabisa, tumbo karibu na sakafu. Na hapa ndipo watu wa Lamu tunapopata kazi. Sakafu zetu za nyumba za zamani hazikunyooka, kuna mahali pameinuka na mahali pana nyufa, na njia zetu za nje ni vichochoro vyenye mchanga na punda wanapita hapo kutwa. Vitairi vinne vya mbele vikikuta ufa vinanasa. Gari lenye tairi kubwa linaruka, hili linasimama palepale. Kwa hio usilete huyu ukategemea atakimbia Usita wa Mui, ile njia yetu kuu ya mji, hakimbii. Mahali anapokwenda vizuri ni juu ya ubao, juu ya tailsi, au pale usita wa pwani penye saruji laini kama utavumilia watu wanaoshusha mizigo.

Na sasa habari ya mpinzani, manake huyu bila mpinzani ni nusu tu.

Kuna mtoto jirani yetu ambaye babake anafanya kazi Dubai, na huyo mtoto ana Mirage. Mirage ni roboti wa upande wa wema, mmoja wa wale wa mwanzo kabisa 1984, naye pia ni gari la Formula 1, la buluu, limechukuliwa kutoka Ligier JS11 ya Wafaransa ambayo ilikimbia 1979. Sasa sikiliza hili manake mi lilinifurahisha sana. Yule Patrick Depailler aliyekuwa anaendesha Tyrrell ya magurudumu sita ndiye huyo huyo aliyeendesha Ligier JS11 mwaka 1979, akashinda nayo Spain. Dereva mmoja ameketi ndani ya magari yote mawili! Bahati mbaya alifariki 1980 akiwa anajaribu gari kule Hockenheim, Ujerumani. Niliwaeleza watoto hio habari kwenye daka wakakaa kimya kidogo, alafu mmoja akauliza je akiwa ndani ya la manjano na ndani ya la buluu kwa pamoja angeshinda nani. Swali hilo sijaweza kulijibu mpaka leo na wao hawajaacha kubishana.

Basi wanawashindanisha. Wamepata ubao mrefu wa kitanda kibovu, wanauegemeza kwenye baraza, wanaachia magari yote mawili kwa pamoja, lililofika mbali zaidi ndilo limeshinda. Na Dragstrip wetu anashindwa. Anashindwa mara nyingi. Mirage anateremka moja kwa moja, huyu akifika mwisho wa ubao vitairi vya mbele vinagonga sakafu anazunguka upande. Hapo ndipo tabia yake inapoanza kazi, manake mpwa wangu hasemi nimeshindwa, anamgeuza kuwa mtu, anampandisha juu ya baraza, na Dragstrip anaanza kufoka. Anamtukana refa, anasema ubao umepinda, anasema Mirage amesukumwa, anadai mbio zirudiwe sasa hivi na wala hatoki hapo mpaka zirudiwe. Alafu anachemka. Mtoto anamlaza kwenye kivuli anampepea kwa daftari, anasema msimguse, amepata moto, mwacheni apoe. Yule mwenye Mirage naye anamfanya Mirage mpole, mtu wa heshima, anakuja kumpa pole, na Dragstrip anakataa pole. Nimekaa pale na kahawa yangu nimeyaona haya yote na nawaambia sijaona mchezo mzuri kama huu siku nyingi.

Namjua mtu wa namna hii. Sote tuliokulia huku tunamjua, yeye ni yule nahodha aliyeshindwa kwa urefu wa mlingoti tu kwenye mashindano ya mashua, ambae toka siku hio hamsalimu aliyemshinda, anashinda Matondoni kwa mafundi wa vyombo anataka tanga likatwe upya, foromali ibadilishwe, mabaharia wazito waje wakae upande wa joshi, na hana mazungumzo mengine mpaka mashindano yajayo. Watu wanamsema, lakini chombo chake kinakuwa bora kila mwaka kwa sababu ya ile hasira.

Na ndivo ilivyokuwa kwa hawa watoto. Mpwa wangu alichoka kufoka akaanza kuchunguza. Alitizama ekseli akakuta mchanga, akachukua mswaki mkuukuu akausugua wote ukatoka. Akagundua akimwachia gari kwa mkono mmoja linaenda upande, akaanza kutumia rula kuyazuia magari yote mawili kisha anainyanyua. Akaweka kipande cha kadibodi mwisho wa ubao ili vitairi visigonge. Hayo yote hakufundishwa na mtu. Sasa Dragstrip anashinda baadhi ya siku, na akishinda wallahi nyumba nzima inajua, manake majigambo yake yanasikika mpaka kwa jirani, na Mirage naye amekuwa si mpole sana tena.

Mi nasema hii ndio sababu ya kununua toi lenye kasoro ya tabia kuliko wale mashujaa wasiokosea. Shujaa akishindwa mtoto hajui amfanyie nini, anamrudisha kwenye boksi. Huyu akishindwa mchezo ndio unaanza.

Mwaka uleule wa 1976 gari hili lilipokuwa linakimbia, mbele yake kulikuwa na ushindani mkubwa wa madereva James Hunt na Niki Lauda, ambao Lauda aliungua vibaya kwenye ajali kule Nürburgring, Ujerumani, mwezi wa nane akarudi kukimbia wiki sita baadae, na mwisho Hunt akachukua ubingwa kwa pointi moja, 69 kwa 68. Scheckter na Depailler na magurudumu yao sita wakawa wa tatu na wa nne. Yaani ukitafuta watu waliokuwa na hamu ya kumpiku mtu huo mwaka ulijaa. Nawaambia watoto hadithi hii kipande kwa kipande, kila siku kidogo, na wanasubiri.

Tuje kwenye chumvi. Hili wenzetu wa bara hawalijui na matangazo ya madukani hayalisemi. Hewa ya pwani inakula vyuma, na roboti hawa ni plastiki lakini wameshikwa na skrubu ndogo na pini za chuma kwenye viungo. Ukimwacha dirishani upande wa baharini utaona skrubu zinaanza wekundu. Hilo si kosa la toi, hata bawaba za milango yetu zinakwenda hivo hivo. Dawa ni kumweka kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya viatu, na akichezewa ufukweni umfute kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo ya chumvi alafu umkaushe kabla ya kumhifadhi. Usimtie mafuta ya kupikia kwenye ekseli, nimeona watoto wanafanya, yanashika mchanga na kesho gari haliendi kabisa. Mswaki mkavu unatosha.

Jambo jingine ni kuungana. Stunticons watano wakikamilika wanaungana wanakuwa jitu moja linaitwa Menasor, Motormaster anakuwa kiwiliwili na hawa wanne wanakuwa mikono na miguu. Dragstrip wetu anakuwa mkono. Nasema ukweli, sijaona haja. Motormaster ni mkubwa zaidi na bei yake ni nyingine kabisa, na hawakutoka kwa pamoja, Breakdown alikuja mwaka uliofuata, 2023, kwa hio ukianza safari ya kuwakusanya ujue ni ndefu na si rahisi kuwapata wote huku kwetu. Na mimi kwa maoni yangu, Dragstrip kuwa mkono wa mtu mwingine haimfai. Anatosha peke yake, mradi awe na mtu wa kushindana naye. Kama una pesa ya matoi mawili, nunua huyu na gari jingine lolote la mbio la saizi yake, si lazima awe Mirage, mpe mpinzani.

Sasa feki. Ndugu yetu mmoja aliagiza kwa muuzaji wa mtandaoni, simtaji, picha ilikuwa nzuri na bei ilikuwa karibu nusu. Kilichokuja ni roboti wa manjano iliyopauka, ana harufu ya rangi inayokaa chumbani siku nyingi, viungo vingine vimelegea vingine vimekaza mpaka vinatoa mlio, na magurudumu mawili ya mbele hayagusi chini kabisa, yananing'inia hewani. Mkono ulitoka ndani ya muda mfupi na haukurudi. Muuzaji simu hakushika tena. Na kinachoniuma zaidi si pesa. Plastiki hii ikivunjika inakwenda wapi? Inakwenda jaani na jaani inakwenda baharini. Sisi ni mji ambao mafundi wetu, Ali Skanda na wenzake, walikusanya plastiki ya ufukweni wakaunda Flipflopi, chombo cha mita 9 kilichofunikwa ndara kiasi cha 30,000, kikashushwa majini hapa hapa 2018 na mwaka uliofuata kikasafiri mpaka Zanzibar. Watu wamefanya kazi kubwa ile, alafu tunaingiza takataka ya kuvunjika siku mbili? Toi moja zuri litakalorithiwa na mdogo wake ni bora kuliko matano ya kutupa.

Huyu orijino tulimpata Malindi, kwenye duka dogo la vitu vya watoto mjini, kwa shilingi 4,500. Najua ni pesa nyingi kwa toi, sitasema ni rahisi. Lakini mwenye duka aliniridhisha sana. Ni mama mmoja wa makamo, nilipomuuliza huyu ni orijino au vipi hakujibu kwa mdomo, akaniwekea boksi juu ya kaunta akanionyesha mihuri bado haijakatwa, alafu akaniletea na jingine la feki alilonyang'anya mtu akaniambia tazama tofauti ya maandishi, hii herufi zimefifia, hii zimekolea. Akaniuliza mtoto ana miaka mingapi kabla hajachukua pesa yangu. Nilimwambia minane akasema sawa, angekuwa na mitano ningekupa gari la mbao. Duka linalomuuliza mnunuzi umri wa mtoto mi ntarudi. Kasoro ya dukani ni moja, mizigo haina mpango, ukitaka roboti fulani kwa jina unaambiwa subiri mwezi ujao pengine atakuja, na hawapeleki Lamu, lazima uwe na mtu wa kukubebea kwenye basi mpaka Mokowe alafu avuke nae. Kama unamtuma mtu mwambie abebe mkononi, asiweke chini ya basi, boksi lina dirisha la plastiki mbele na linabonyea.

Kwa wanaonunua kama zawadi, boksi likishafunguliwa ndani kuna kamba za kufungia roboti, zikateni kwa mkasi, msivute, hapo ndipo silaha ndogo zinaporuka chini ya kitanda na haziokotwi tena. Sisi bunduki moja tumeipata ndani ya kiatu.

Nyota nampa nne kati ya tano. Ile moja nimeizuia kwa ajili ya vitairi vya mbele na sakafu zetu, manake mtu wa Lamu anahitaji kujua hilo kabla hajatoa 4,500. Wa Malindi wenye tailsi na saruji ongezeni nyinyi hio ya tano. Na ukimfuata dukani mtaje kwa jina kamili, Dragstrip wa Legacy, saizi ya Deluxe, manake kuna matoleo mengine ya jina hilo hilo ya miaka tofauti, kisha kabla hujalipa mwambie mwenye duka aliweke boksi juu ya kaunta, utizame mihuri yote, na utizame kupitia lile dirisha kama silaha zake ziko mahali pake.